Malalamiko Kuhusu Sufuria Iliyovaa Koti Langu

Ndugu Mhariri,

YAH: UKURASA WENU WA MAPISHI NA KUVUNJIKA KWA AMANI NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wanaokula kwa jasho la wino wako. Mimi ni mzima kwa kiasi: afya ninayo, mke sina. Simaanishi kwamba amefariki, Mungu apishie mbali. Yuko mtaa wa pili, kwa dada yake, anakula vizuri, na habari zake nazipata kila siku bila kuziuliza. Aliondoka hapa wiki iliyopita kwa sababu ya maneno mawili yaliyochapishwa katika gazeti lako, nami naomba maneno hayo yachapishwe upya yakiwa yamesahihishwa, ili arudi.

Kabla sijaendelea, nieleze nilipo, maana malalamiko yasiyo na mahali ni porojo. Nimeketi jikoni, juu ya stuli ya kumenyea viazi. Mkabala nami, katika kiti changu chenye egemeo, imeketi sufuria iliyovishwa koti langu. Sababu ya jambo hilo utaikuta katika lalamiko la tano. Tafadhali usiruke mistari.

Ndani ya sufuria hiyo kuna bakwiti, ile nafaka ngeni ya ukurasa wenu wa mapishi, niliyoipika kwa mikono yangu. Mke wangu atapita leo akitoka sokoni. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyetupatanisha hivi: mama atafunua sufuria mwenyewe, na akikuta punje zimeiva na kuachana, atabaki. Akikuta kitu kingine, atachukua nguo zake zilizosalia pamoja na kinu, na aliyeondoka na kinu harudi kesho. Kwa hiyo naandika upesi, ili hukumu ikiwa mbaya, rufaa yangu iwe tayari kwenda posta.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu jina. Mwandishi wenu, ajiitaye Shangazi wa Jikoni, aliiita bakwiti "ngano ya pembe tatu". Binti yetu, aliyetuletea mfuko wa kwanza akisema unafaa tumbo la baba yake, ameniambia kwamba si ngano, wala si ndugu ya ngano, wala hawajaoana. Ni mbegu tu ya mmea wenye maua. Nimezitazama punje hizo kwa miwani: ni za kahawia, zina pembe tatu, kama vijiwe vilivyochongwa na fundi mvivu aliyechoka kabla ya pembe ya nne. Mimi nimekagua shule maisha yangu yote ya kazi. Mtoto akiandikishwa kwa ukoo usio wake, nilimwita mzazi. Hapa nimwite nani?

2. Kuhusu harufu. Shangazi wa Jikoni ameagiza punje zikaangwe kwanza katika kikaango kikavu, bila mafuta, hadi zinukie. Zimenukia. Jirani yetu, fundi cherehani, alisimamisha mashine yake akachungulia dirishani kwetu.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, "leo mna karanga?"

"Si karanga."

"Kahawa?"

"Wala si kahawa."

"Basi nisogezee kiti, nije nijionee mwenyewe."

Alikuja, na tangu hapo hakukosa. Alikula utepe wake wa kupimia ukimning'inia shingoni, akamsifu mpishi bila kunitazama mimi. Sina kinyongo na jirani. Kinyongo changu ni kwa harufu inayoalika watu bila kumshauri mwenye nyumba.

3. Kuhusu maneno mawili. Hapa ndipo penye shina la shauri. Baada ya kukaanga, Shangazi wa Jikoni anataka kikombe kimoja cha punje kwa viwili vya maji, chumvi, na moto mdogo. Kisha ameandika hivi, nanukuu bila kuongeza wala kupunguza: "Usifunue sufuria." Hakuna tafadhali. Hakuna ukiweza. Hakuna isipokuwa mwenye nyumba. Sijaandikiwa sentensi ya namna hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na hata wakati huo niliandikiwa na mtu aliyenijua.

Ni lazima ufahamu, Ndugu Mhariri, desturi ya nyumba hii. Tangu tuoane, kila niingiapo jikoni hufunua sufuria. Sifunui kwa uroho. Naomba jambo hilo liwekwe wazi. Hufunua, hutazama, hunusa, husema "Vyema, endelea," kisha hufunika na kwenda zangu. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya shuleni: nafungua mlango, watoto wanasimama, natazama ubao, "Vyema, endeleeni," nafunga mlango. Hakuna darasa lililoharibika kwa kufunguliwa mlango. Yako yaliyoharibika baada ya mimi kuondoka, lakini hayo hayakuwa katika mamlaka yangu.

Maharage yalivumilia desturi hiyo. Wali uliivumilia. Mke wangu naye nilidhani ameivumilia. Bakwiti haivumilii. Ukiifunua, mvuke hutoka kama mgeni aliyetukanwa, wala haurudi. Ukichungulia, unaona punje za juu zimekauka. Unazionea huruma, unaongeza maji kidogo, unakoroga kidogo, unafunika. Ukipita tena unaziona bado zina kiu, unazionea huruma tena. Mwisho wa huruma zako ni rojo la kahawia linaloung'ang'ania mwiko kama kupe.

Mara ya kwanza mke wangu alisema mfuko ulikuwa mbovu. Mara ya pili alisema alikosea kupima maji. Mara ya tatu alijificha nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua humu kuna mkono wa mtu! Baba Watoto, unatafuta nini?"

"Nakagua tu."

"Unakagua nini? Kuna mwanafunzi humo?"

Nilimjibu kwamba kisichokaguliwa huharibika. Akanionyesha sufuria. Sikuona uhusiano.

4. Kuhusu kifuniko cha kioo. Kwa kutafuta suluhu, nilinunua kifuniko cha kioo kwa fedha yangu mwenyewe, ili nione pasipo kufunua. Kikaingia ukungu. Nilikifuta kwa nje, nikakifuta tena, nikabadilisha kitambaa, kumbe ukungu uko ndani. Ili kuufuta ilinibidi nifunue. Matokeo yake unayajua.

5. Kuhusu koti na kiti. Toleo lililofuata, gazeti lako lilimwongezea mke wangu silaha. Shangazi wa Jikoni aliandika kwamba sufuria ikishachemka na maji kupungua, itolewe motoni, ifungwe ndani ya nguo nzito, iachwe iive kwa joto lake yenyewe, muda mrefu kadiri mpishi awezavyo kusubiri. Nguo nzito katika nyumba hii ni moja. Ni koti langu la ukaguzi, la kijivu, la sufu, lenye mfuko wa ndani wa kalamu nyekundu. Shule nzima ilikuwa ikinyamaza koti hilo likionekana langoni.

Sufuria ikavishwa koti. Mikono ikazungushwa mbele ikafungwa fundo, vifungo vikafungwa hadi cha juu kabisa, jambo ambalo mimi mwenyewe siku hizi siliwezi. Kisha ikawekwa katika kiti changu, kwa hoja kwamba ndicho kiti pekee chenye ubavu wa kuizuia isianguke. Mimi nikapewa stuli.

Siku hiyo fundi cherehani alitoka kwenye jua kali, akaingia akipepesa macho, akainama mbele ya kiti changu.

"Shikamoo, Mkaguzi," alisema.

Nilikuwa nimesimama kando ya ndoo ya maji. Nikaitikia, "Marahaba." Hakugeuka. Aliendelea kuiuliza sufuria habari za miguu, akaipa pole, akaisifu kwamba leo imependeza. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Fundi alipozinduka aliniomba radhi kwa adabu.

"Nisamehe, mzee wangu. Nami nilikuwa nashangaa, mbona leo hujaniuliza nimechelewa wapi."

Nakuuliza wewe, Ndugu Mhariri, uliye msomi: je, ni haki mtu kuvuliwa cheo, koti na kiti kwa siku moja, na kurithiwa na chombo cha alumini?

6. Kuhusu Alhamisi. Mke wangu alikuwa amejisifu kwa dada yake kwamba sasa anajua kupika nafaka ambayo kila punje husimama peke yake. Dada akaalikwa chakula cha mchana. Koti likafungwa, sufuria ikaketi, kisha mke wangu akatoka kwenda kumpokea mgeni kituoni, na mlangoni akanigeukia akasema neno moja tu, "Tafadhali." Neno hilo, nasisitiza, halimo katika gazeti lako. Yeye aliliongeza mwenyewe.

Nilinuia kutii. Lakini nilihitaji kalamu. Kalamu ilikuwa katika mfuko wa ndani, na mfuko wa ndani uko ndani. Ili kuufikia ilinilazimu kufungua vifungo. Vifungo vikishafunguka, kifuniko kiko papo hapo. Na kifuniko kikishakuwa papo hapo, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Nilitazama. Zilikuwa zimekauka juu. Nilizionea huruma.

Shemeji yangu alijaza kijiko, akakigeuza chini juu, akangoja. Hakikudondoka kitu.

"Dada," alisema, "hii tunakula au tunabandikia mabango?"

Mke wangu aligeuka. Alinitazama mkono wa shati, nami nikatazama alipotazama, nikaona punje moja imenata kwenye kifungo. Alivua aproni, akaikunja mara nne kama bendera ya shule jioni, akaiweka mezani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Watoto, miaka yote hii umekuja kunikagua. Kila siku umesema 'vyema, endelea', nami nimeendelea. Hukuwahi kukaa nami nikiwa napika, hukuwahi kuniuliza kama nimechoka. Kazi yako ni kufunua na kwenda. Siku utakayoweza kuiacha sufuria moja imefunikwa mpaka iive, niite. Nitakuja nile."

Akaondoka na dada yake. Sikumbuki kama nilisema

Naomba radhi. Nilisimama kidogo. Sufuria imetoa sauti ndani ya koti, mlio kama wa mtu anayemeza mate. Nilikwenda mpaka kwenye kiti. Nilikishika kifungo cha juu, na kilikuwa cha moto. Nimerudi kwa sababu nilikumbuka sentensi iliyotangulia haina kituo, na katika maisha yangu sijaiacha sentensi wazi. Naikamilisha: Sikumbuki kama nilisema lolote.

7. Kuhusu maisha yangu tangu hapo. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Mimi sasa ni ukoko mtupu. Nimepika bakwiti mwenyewe, kwa kufuata kila neno la Shangazi wa Jikoni isipokuwa yale mawili. Chungu cha kwanza nilikimwaga uani. Kuku wa jirani walikuja, wakatazama, wakaondoka kwa heshima. Cha pili kiliungua, na mwiko ulisimama wima katikati yake hadi nilipouvunja. Fundi cherehani siku hizi hupitia upande wa pili wa barabara, akijifanya anahesabu mawingu. Jioni nakula mkate mkavu. Naingia jikoni kama kawaida yangu, najikuta sina cha kufunua, nasema "Vyema, endelea," na hakuna anayeendelea.

8. Kuhusu madhara kwa jamii. Usidhani hili ni la jikoni kwangu tu. Ukishamzoesha msomaji kwamba kuna vyombo visivyofunuliwa, umefungua mlango usiofungika. Leo ni sufuria, kesho ni mafaili. Tayari ofisi ya maji, nilipokwenda kuuliza mbona bomba la mtaa wetu linatoa upepo, karani alinijibu, "Mzee, suala lenu linaiva." Linaiva! Nilipotaka kuliona akaniambia bado limefunikwa. Alijifunza wapi lugha hiyo kama si katika ukurasa wako? Barabara yetu nayo inaiva tangu binti yetu hajaanza shule, na sasa anatibu watu. Kila mkubwa mwenye chungu kinachonuka ukungu atakuja kusema kwamba ukifunua utaharibu. Nani atajua kipi kinaiva na kipi kinaoza? Vyote hufunikwa kwa kifuniko kile kile.

Nakiri kwamba ipo tofauti moja: bakwiti ya mke wangu, nisipoigusa, huwa inaiva kweli. Lakini sikuandika barua hii kuzungumzia tofauti.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo, tena kwa unyenyekevu:

Kwanza, uchapishe ukurasa wa mbele kwamba maneno "Usifunue sufuria" yaliingia kwa makosa ya kiwandani, na kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kufunua, ikiwa ni lazima hata kuongeza maji, endapo ameona kiu. Mke wangu huamini kila kilichopigwa chapa. Ningemwambia mimi, lakini mimi sijapigwa chapa.

Pili, bakwiti nzima isitajwe tena gazetini mpaka itakapoundwa kamati ya kuichunguza. Niko tayari kuwa mwenyekiti. Endapo kamati haitawezekana, basi marufuku kabisa. Endapo marufuku haitawezekana, basi kila sufuria itengenezwe ikiwa na mlango mdogo ubavuni, wenye bawaba, kama wa darasa.

Tatu, koti langu lirudishwe. Najua halimo mikononi mwako, lakini sikuona mahali pengine pa kuliandika ombi hili.

Nisalimie mafundi wa mitambo ya chapa, wasoma prufu ambao kazi yao naiheshimu kuliko ya wengine wote humo, mlinzi wa getini, mwenye kufagia chumba cha habari, na kila anayekula nawe. Msalimie hata huyo Shangazi wa Jikoni, ambaye sina ugomvi naye binafsi. Mwambie tu kwamba anaandika sentensi fupi mno kwa madhara yake.

Ni mimi, wako katika kulinda haki ya kutazama,

Mkaguzi wa Shule (mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha mke wangu alipoingia. Nimelazimika kuifungua tena ili niongeze haya.

Aliingia na kikapu cha soko mkononi, hakunisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Akafungua kifungo cha juu, akafungua cha pili, akatia mkono ndani ya koti. Ndipo niliposikia sauti kali ikisema, "Mama Watoto, usifunue! Haijatulia!"

Tulitazamana. Sauti ilikuwa yangu.

Aliutoa mkono polepole. Akafunga kifungo cha pili, akafunga cha juu. Kisha akavuta stuli nyingine, akaketi ubavuni mwangu na kikapu magotini, akasema, "Haya, Mkaguzi. Tusubiri." Tukasubiri. Nilimuuliza kama amechoka. Akaniambia alichokuwa amechoka nacho, kimoja baada ya kingine, na niliona hakikuwa kitu cha kukatiza. Alipomaliza, joto lilikuwa limetulia, tukafunua pamoja. Ndugu Mhariri, kila punje ilikuwa imesimama peke yake, kama watoto kwenye mstari asubuhi ya ukaguzi. Sikuongeza maji.

"Umefaulu," nilimwambia, kwa mazoea.

"Mimi?" alisema, huku akitafuta sahani. "Leo amepika nani?"

Kinu kimebaki mahali pake. Fundi cherehani amesimamisha mashine, nasikia anauliza dirishani kama kuna nafasi. Kwa hiyo naondoa lalamiko la tatu, na yote yanayolitegemea, isipokuwa la kwanza, kwa sababu ngano ni ngano, na la nane, kwa sababu bomba bado linatoa upepo. Koti liache hapo lilipo; linaifaa kazi hiyo kuliko ile ya zamani. Kama Shangazi wa Jikoni ana maelekezo zaidi ya bakwiti, hasa yale ya kuichanganya na yai kabla ya maji, ambayo mke wangu amesikia habari zake, nitashukuru kuyasoma.

Barua ningeichana, lakini stempu nimekwisha kuibandika, na sikulelewa kutupa stempu. Basi naituma. Ila nakuomba jambo moja, Ndugu Mhariri, tena safari hii natanguliza tafadhali: bahasha hii ikikufikia, iweke mezani, iache ilivyo, wala usiifungue.